Hadithi za Sayansi na Vitabu vya Sayansi: Kipi Kinadanganya?

Katika nyumba nyingi za askari, baba amwonapo mtoto na kitabu kisicho cha shule, swali lake la kwanza ni hili: "Hayo unayosoma ni ya kweli?" Swali hilo lina haki yake. Mwanajeshi hufunzwa asiuchukue uvumi kuwa taarifa, na polisi hufunzwa asizichukue tuhuma kuwa ushahidi. Hata hivyo, likiulizwa juu ya majarida ya hadithi za kubuni za kisayansi, au juu ya vitabu vya sayansi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wote, swali hilo peke yake halitoshi, na mara nyingine humpoteza mwulizaji.

Ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya sajini mmoja wa polisi. Binti yake aliye katika shule ya sekondari ameazima vitu viwili kwa rafiki yake. Cha kwanza ni jarida la hadithi za safari za anga, ambalo jalada lake lina picha ya mnyama wa kutisha mwenye macho matatu. Cha pili ni kitabu kinene chenye picha za piramidi za Misri na vipimo vyake, kinachodai kwamba majengo hayo yalisimamishwa kwa msaada wa wageni kutoka nyota nyingine. Baba anaporudi kutoka zamu ya usiku, analitwaa jarida na kulifungia kabatini, kwa kuwa ni "uongo mtupu". Kitabu anakiacha mezani, kwa kuwa kina picha na tarakimu, na kwa kuwa neno "sayansi" limeandikwa ndani yake. Baba huyo ana nia njema, lakini amemwachia mtuhumiwa na kumfunga asiye na hatia.

JARIDA LILILOTEMBELEWA NA MAKACHERO

Majarida ya aina hii yana umri wa karibu miaka mia. La kwanza kujitenga kabisa kwa kazi hiyo lilikuwa *Amazing Stories*, lililoanzishwa na Hugo Gernsback huko Marekani mwezi wa Aprili 1926. Mwaka 1930 likafuata *Astounding*, na mwishoni mwa mwaka 1937 uhariri wake ukashikwa na John W. Campbell. Mhariri huyo aliwataka waandishi wake wabuni watakavyo, mradi ubuni wao uanzie katika jambo linalojulikana na kufuata hesabu zake.

Matokeo ya sharti hilo yalionekana mwezi wa Machi 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inapiganwa. Jarida lilichapa hadithi iitwayo *Deadline*, iliyoandikwa na Cleve Cartmill. Mambo yake yanatokea katika sayari ya mbali, kati ya mataifa mawili yanayopigana, Sixa na Seilla. Na msomaji akiyasoma majina hayo kwa Kiingereza kutoka nyuma kwenda mbele, hukuta majina ya pande mbili za vita vile vile vilivyokuwa vikipiganwa duniani. Kiini cha hadithi ni bomu lenye nguvu za ajabu, litengenezwalo kwa urani 235 iliyochujwa kutoka katika urani ya kawaida.

Wakati huo huo serikali ya Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la namna hiyo kwa siri kubwa. Maofisa wa usalama wa jeshi walifika ofisini kwa mhariri na kutaka kujua ni nani aliyeitoa siri ile. Jibu lilikuwa jepesi: hapakuwa na aliyeitoa. Wanasayansi wa Kijerumani Otto Hahn na Fritz Strassmann waliupasua urani mwishoni mwa mwaka 1938, na habari hizo zikachapwa mwanzoni mwa mwaka 1939 katika majarida ya kitaalamu yaliyokuwa wazi kwa kila mtu. Mhariri na mwandishi walisoma yaliyokuwa mezani kwa wote, wakajiuliza yataishia wapi. Tena, kwa maelezo ya Campbell mwenyewe, aliwaambia maofisa wale kwamba kuzikatiza ghafla hadithi za atomu kungekuwa ndiko kumwonya adui kwamba pana jambo linalofichwa.

Miezi kumi na saba baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, bomu likaangushwa Hiroshima. Wapenzi wa majarida hayo hujivunia kisa hiki kana kwamba ni utabiri, lakini sivyo kilivyo. Bomu la hadithini halikuundwa kama lile lililolipuliwa kweli. Jambo la kusifiwa ni kwamba watu wawili wasio na cheo wala siri yoyote waliweza kufikia ukingo wa jambo zito kwa kusoma kwa makini na kufikiri kwa utaratibu. Kwa askari, hilo ni fundisho juu ya siri. Kwa mzazi, ni fundisho juu ya kusoma.

ALIYEPATIA NA KUKOSEA PAMOJA

Mfano wa pili uko juu ya mapaa ya nyumba nyingi. Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyetumikia jeshi la anga la nchi yake katika kazi ya rada, aliandika makala katika jarida la ufundi liitwalo *Wireless World* mwezi wa Oktoba 1945. Alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta kwa umbali wa karibu kilometa 36,000, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha. Hivyo mtu aliye chini atakiona kimesimama mahali pamoja. Vyombo vitatu vya namna hiyo, alisema, vingetosha kuwasilisha sauti na picha karibu duniani kote. Mwaka uliofuata hadithi zake za kubuni zikaanza kutokea katika jarida la Campbell.

Mnamo Agosti 1964 setilaiti iitwayo Syncom 3 ilipelekwa kwenye njia hiyo, na mwezi wa Oktoba ikasaidia kurusha picha za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Dishi la televisheni lililoelekezwa upande mmoja wa mbingu bila kugeuzwa usiku wala mchana linafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Lakini Clarke huyo huyo alidhani kwamba vyombo hivyo vingekaliwa na mafundi wa kuvitunza. Redio za siku zake zilitumia valvu za kioo, na valvu huungua. Naye hakuona kwamba vipande vidogo vya transista vingekuja kuzifukuza. Hesabu ya mbingu aliipatia, desturi ya karakana akaikosea. Kwa hiyo anayezipima hadithi na makala hizi kwa kuhesabu ni ngapi zilitokea kweli anatumia mizani mbovu. La kuangaliwa ni kama mwandishi ameonyesha hesabu yake, ili mwingine aweze kuirudia na kuona ilipo sawa na ilipo na kasoro.

BUNDUKI YAUMBUA MTAMBO

Ingekuwa dhuluma kuyasifu majarida haya bila kutaja aibu zake. Mwaka 1960 Campbell yule yule, ambaye jarida lake lilikuwa linabadili jina na kuwa *Analog*, aliutangaza kwa shauku mtambo wa Mmarekani aitwaye Norman Dean. Mtambo huo ulikuwa na vyuma vilivyozunguka kwa namna maalumu, na ilidaiwa kwamba ungeweza kujisukuma wenyewe bila kutupa kitu chochote nyuma. Campbell hakuutangaza kama hadithi. Aliutangaza kama jambo la kweli linalopuuzwa na wataalamu.

Askari yeyote aliyewahi kukiweka kitako cha bunduki begani ana jibu la madai hayo. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Hakuna msukumo upande mmoja usio na msukumo wa pili upande wa kinyume. Roketi nayo hupaa kwa kuwa hutupa gesi kwa nguvu upande wa nyuma. Kitetemekacho juu ya mizani chaweza kuidanganya mizani ikaonyesha uzito pungufu, lakini hakiwezi kwa hilo kupaa angani. Hakuna majaribio huru yaliyouthibitisha mtambo wa Dean.

Hapa ndipo mpaka unapoonekana. Hadithi ya *Deadline* ilisema wazi kwamba ni hadithi, na kwa hiyo haikumdanganya mtu. Makala ya mtambo ilivaa sare ya ukweli bila kuwa na kitambulisho.

VITABU VIWILI, TABIA MBILI

Mizani hiyo hiyo yafaa kupimia vitabu vya sayansi vya watu wote. Mwezi wa Septemba 1962 kilitoka *Silent Spring*, kitabu cha Rachel Carson, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa viumbe. Kinaanza kwa kusimulia mji ambao ndege wake wamenyamaza na mifugo yake inakufa. Kisha mwandishi anakiri papo hapo kwamba mji huo haupo, ila kila balaa lililotajwa limekwisha kutokea mahali fulani. Baada ya hapo anaeleza, sura kwa sura, jinsi DDT na dawa nyingine za wadudu zinavyodumu katika udongo na kukusanyika katika miili ya viumbe. Na mwisho wa kitabu anaweka kurasa nyingi zinazoonyesha alikoyapata. Wenye viwanda vya dawa walimshambulia vikali. Kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Kennedy ilichunguza jambo hilo, na mwaka 1963 ikayaunga mkono mengi aliyoyasema. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi mengi ya DDT. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 nao uliizuia, lakini ukaacha nafasi ya kuitumia dhidi ya wadudu waenezao magonjwa, akiwamo mbu wa malaria. Hivyo ndivyo hoja yenye ushahidi inavyokwenda: hupingwa, hupimwa, na mipaka yake hujulikana.

Mwaka 1968 kilitoka kitabu cha tabia nyingine, kilichoandikwa na Mswisi Erich von Däniken na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Kilidai kwamba piramidi na kazi nyingine kubwa za watu wa kale zina mkono wa wageni kutoka angani. Kila ukurasa unauliza, "Je, haiwezekani kwamba...?" na ukurasa unaofuata unalichukua swali kana kwamba limekwisha kujibiwa. Tena madai ya namna hiyo hubeba dharau ndani yake, kwa kuwa humnyang'anya Mwafrika wa kale kazi ya mikono yake na kumpa mgeni asiyeonekana.

Ushahidi wa kweli umepatikana, nao ni wa namna ambayo kila polisi ataitambua. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri, wachunguzi walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walikuta vipande vya mafunjo vyenye umri wa zaidi ya miaka 4,500. Sehemu yake ni daftari la ofisa aitwaye Merer, aliyekuwa na kikosi cha mabaharia chini ya amri yake katika siku za Farao Khufu. Limeandikwa siku kwa siku, mfano wa kitabu cha matukio cha kituo cha polisi: leo kikosi kimepakia mawe katika machimbo ya Tura, kesho kimesafiri mtoni, kesho kutwa kimefika Giza, mahali pa piramidi kuu. Mgeni wa kutoka nyota hatajwi. Wanaotajwa ni watu, mashua na mawe.

MASHINE ZINAPOSHIKA KALAMU

Katika miaka ya karibuni majarida ya hadithi hizi yamefikwa na mtihani ambao waandishi wake waliubuni zamani. Mwezi wa Februari 1923 ungetajwa hadithini. Ulitokea Februari 2023. Mwezi huo jarida la *Clarkesworld* la Marekani, lililoanza mwaka 2006, lililazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda, kwa kuwa lilifurikiwa na mamia ya maandiko yaliyotungwa na programu za kompyuta na kutumwa na watu waliotaka malipo bila jasho. Mhariri wake, Neil Clarke, hakuwa na ugomvi na mashine katika hadithi. Ugomvi wake ulikuwa na anayeleta kazi isiyo yake na kuiita yake. Ni kosa lile lile la sare isiyo na kitambulisho.

Kwa upande wa heri, Waafrika sasa wanayo majukwaa yao. Jarida la *Omenana*, lililoanzishwa mwaka 2014 na Wanigeria Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu, limechapa hadithi za namna hii kutoka pande nyingi za bara. Mwaka huo huo Dilman Dila wa Uganda alitoa mkusanyo wa hadithi uitwao *A Killing in the Sun*. Mtoto wa Afrika Mashariki anaweza sasa kukuta mambo ya ajabu yakitokea katika vijiji na miji aijuayo, na hilo humwambia kwamba wakati ujao si mali ya watu wa mbali peke yao.

MIZANI YA NYUMBANI

Mzazi hahitaji kuwa mwanasayansi ili aweze kuchagua. Maswali matatu yanamtosha. Kwanza: maandiko haya yanajitaja kuwa nini, hadithi au taarifa? Pili: kama ni taarifa, yanaonyesha wapi yalipopatikana, ili mwingine aweze kwenda kuangalia? Tatu: mwandishi yuko tayari kutaja lile linaloweza kuonyesha kwamba amekosea?

Akiyauliza hayo, sajini wa polisi aliyetajwa mwanzoni atalitoa jarida kabatini na kulirudisha kwa binti yake. Na kile kitabu cha piramidi hana haja ya kukichoma wala kukificha. Atakaa na binti yake mezani, amsimulie habari za daftari la Merer, kisha amwache akifungue kitabu na kukihoji mwenyewe, kama vile polisi amhojivyo shahidi ambaye maelezo yake hayaoani.