Peya moja ya botini haitoshi wakati wa mvula

Kuna maneno ambayo, mukiwa kwenye meza na mwajiri, yanachekesha watu. Ukisema mushahara, wote wananyamaza. Ukisema prime, vilevile. Lakini delege akisema botini za wafanyakazi zinalowa na hazikauki, mukubwa anatabasamu: «Baanike ku jua.» Jua gani? Huku kwetu Lualaba, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, jua linachungulia kidogo, kisha mvula inarudi.

Niko konje hapa Sandoa. Vijana wa hapa wanaotumika Kolwezi wakirudi nyumbani, wazazi wanaona miguu yao: ngozi imekuwa nyeupe katikati ya vidole, inapasuka, inanuka. Mama mumoja aliniuliza kama ni asidi ya kiwanda. Inaweza kuwa asidi, lakini mara nyingi ni maji tu. Mutu anashinda saa nane, saa kumi na mbili, ndani ya tope, na jasho lake mwenyewe linaongeza maji. Ngozi inakuwa laini kama muhogo wa kulowekwa, inachubuka, kuvu inaingia. Na mwenye ugonjwa wa sukari, kidonda kidogo cha muguu kinaweza kumufikisha kukatwa muguu. Hakuna kicheko hapo.

Majeshi yanajua hii zamani. Kwenye vita ya 1914-1918, huko Ubelgiji na Ufaransa, askari wengi waliharibika miguu ndani ya mahandaki yenye maji na baridi, mpaka wakubwa wakaamuru kila mutu akaushe miguu na abadilishe soksi. Musiseme ni mambo ya baridi: Wamarekani kule Vietnam walipata yao ndani ya maji ya moto ya mashamba ya mupunga. Siku mbili tatu za kulowa zinatosha, unyayo unakunjamana, kutembea kunauma.

Basi nyumbani tunafanya nini? Kwanza osha botini kwa maji safi, ndani na inje. Wa kiwandani musikie vizuri: asidi haipandi hewani pamoja na maji. Ukikausha bila kuosha, maji yanaondoka, asidi inabaki na inakuwa kali zaidi. Kisha toa kitambaa cha ndani, legeza kamba, fungua ulimi wote, jaza gazeti. Hata hili unalosoma, ukimaliza. Gazeti likilowa, toa, weka lingine. Ni kule kubadilisha ndiko kunakausha. Halafu weka pahali upepo unapita. Hewa ya mvula imeshajaa maji, kwa hiyo joto peke yake halisaidii sana, inafaa hewa itembee. Kama kuna ventilateri na moto wa SNEL haujakatika, bahati yako.

Wamama, musiweke botini juu ya mbabula. Ngozi inakauka kama kuni, kola inaachia, soli inafunguka. Na mbabula yenye kuwaka ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu, usiku mumoja tu.

Lakini hata ukifanya yote hayo, botini iliyolowa kabisa haikauki katika usiku mumoja. Inaomba siku mbili. Mufanyakazi anarudi kazini kesho. Hapo gazeti halina jibu tena. Jibu ni peya ya pili. Leo unavaa hii, kesho ile. Kwa mwajiri mumoja niliyetumikia tulipata peya moja kwa mwaka, na ikiharibika mbele ya wakati, wanakata ku mushahara. Yaani maji ya shimo la kampani, ulipe wewe!

Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka usalama na afya ya kazini juu ya mwajiri. Mapatano namba 155 ya Shirika la Kazi la Dunia, ya mwaka 1981, yanasema hatua za usalama zisimutoze mufanyakazi hata kidogo. Na si jambo geni. Kwenye migodi ya makaa ya Ubelgiji, kwao walioleta Union Minière huku mwaka 1906, kulikuwa na chumba walichoita salle des pendus: kila muchimbaji alikuwa na munyororo wake, anatundika nguo juu kwenye dari, hewa ya moto inazikausha mpaka posti ya kesho. Mukienda Bois du Cazier, Marcinelle, mutaiona, sasa ni makumbusho. Kwao walijua. Huku vestieri nyingi ni makabati ya chuma yaliyofungwa, unafungia unyevu usiku muzima.

Bakrezeri, nyinyi munaoshuka shimoni na basketi ao sandali, hamuna mwajiri wa kuomba. Kooperative inayokata pesa ku kila mufuko, mubaiulize boti za mupira.

Kwa wengine, mapatano ya kazi yanapofunguliwa tena, delege aingie na karatasi mbili: peya mbili kwa kila mutu wa tope na wa kiwanda, na chumba cha kukaushia chenye hewa ya kutembea. Kuanzia leo muende dispanseri ya kazini na miguu yenu, muandikishwe. Bila ile daftari, mukubwa atatabasamu tena.