Nakala Isiyojaribiwa Haimlindi Mgonjwa

Mgonjwa wa saratani ya matiti anayepanda meli Nansio kwenda kutibiwa Mwanza hubeba nguo chache, kadi ya kliniki na imani kwamba hospitali inakumbuka yote aliyokwisha kutendewa. Imani hiyo ina uzito wa kitabibu. Doksorubisini, mojawapo ya dawa zitumikazo sana kwa saratani hiyo, huweza kudhuru moyo kadiri jumla ya dozi alizopokea mgonjwa maishani inavyoongezeka. Ndiyo maana miongozo mingi huweka kikomo cha kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Kumbukumbu za dozi zikipotea, hakuna kipimo cha damu kitakachomwonyesha daktari mgonjwa wake amefikia wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Kliniki nyingi za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU hutunza hifadhidata ya CTC2 katika kompyuta iliyopo kituoni. Hata hivyo, diski kuu huzeeka na kufa kama chombo chochote. Kando ya Ziwa Victoria, eneo lenye radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na virusi vya kompyuta husafiri kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi. Mei 2017, kirusi WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Ikiwa taifa lenye uwezo ule lilitikiswa, kituo chenye kompyuta moja hakina sababu ya kujiona salama.

Vituo vingi hujiridhisha kwa kunakili mafaili kwenye flashi. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi. Diski ikifa, faili la hifadhidata haliwezi kufanya kazi bila mfumo endeshi, programu na mipangilio yake, na kuvisakinisha upya huweza kuchukua siku kadhaa huku foleni ikirefuka. Dawa yake ni kutengeneza taswira ya kizigeu, yaani nakala kamili ya sehemu nzima ya diski pamoja na vyote vilivyomo. Programu ya Clonezilla, ambayo hutolewa bure, hufanya kazi hiyo kompyuta ikiwa imewashwa kwa flashi, ili kizigeu kisibadilike wakati wa kunakiliwa. Kwa mifumo ya mafaili inayoitambua, hunakili sehemu zenye data pekee, hivyo taswira haijazi diski ya nje bila sababu.

Utaratibu unaofaa ni huu: taswira kila mwezi na kila kabla ya badiliko kubwa la programu, kisha nakala ya hifadhidata kila jioni. Taswira hurudisha kompyuta nzima, na nakala ya jioni huirudishia kazi ya siku za karibuni. Diski ya nje ichomolewe baada ya kazi, kwani ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga pamoja na kompyuta. Nakala nyingine ihifadhiwe katika jengo jingine. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za afya, kila nakala ifichwe kwa usimbaji wenye nywila.

Lililo kubwa kuliko yote ni kujaribu kurejesha. Hakuna maabara inayoamini mashine isiyohakikiwa, na nakala nayo ipimwe hivyo hivyo. Angalau mara moja kila robo mwaka, taswira irejeshwe kwenye diski ya ziada, isiyo ndogo kuliko kizigeu cha awali, kisha jalada la mgonjwa mmoja lifunguliwe na kusomwa. Zoezi hili lifanywe kwa uangalifu, kwa maana kurejesha hufuta kila kilichomo katika kizigeu kinachopokea. Anayekosea kuchagua diski huangamiza alichokusudia kuokoa.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Gharama kuu ni diski mbili za nje na saa chache za mtu mmoja anayewajibika kwa jina. Kinachokosekana mara nyingi ni kulihesabu jukumu hili kuwa sehemu ya tiba. Mganga mfawidhi analiachia fundi, na fundi anasubiri maelekezo.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Atunze kadi na muhtasari wa matibabu, apige picha kurasa zake, na asione haya kumuuliza mhudumu: kompyuta hii ikifa leo, mtajuaje dawa zangu? Mhudumu aliyekwisha kurejesha taswira kwa mkono wake atakuwa na jibu la kumpa.