Majina sita, kosa la mtu moja?

Ba kaka na ba dada, leo tuambiane ukweli juu ya TP ya kikundi.

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo hapa Goma, tulikuwa watu sita kwa kazi moja: volkeno Nyiragongo na mji wetu. Mmoja wetu akapata TP ya zamani, ya wanafunzi waliotutangulia. Dada moja wa kikundi akaipiga upya kwa mashini, sisi wengine tukatoa franga za kopi na kuweka majina. Hakuna aliyesoma. Mimi niliangalia tu kama jina langu limeandikwa vizuri.

Siku ya kutetea kazi, asistanti akafungua ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti: «Mlipuko wa mwisho wa Nyiragongo ulikuwa tarehe 17 Januari 2002.» Akanyamaza kidogo. Kisha: «Na ule wa tarehe 22 Mei 2021, mulikuwa wapi?»

Tulikuwa hapa hapa! Wote sita. Usiku ule wa Jumamosi, moja wetu alivuka mpaka kwenda Gisenyi na mdogo wake mgongoni; mimi nilikimbilia njia ya Sake kwa miguu. Mbingu nyekundu tuliiona kwa macho yetu. Na majina yetu yako juu ya karatasi inayosema kwamba haikutokea kitu.

Akauliza: nani aliandika hii? Wote tukamuangalia dada yule. «Njo ye aliandika.» Basi yeye akapewa sufuri, sisi tukapata kumi juu ya ishirini, tukatoka tukicheka. Yeye kozi ile aliirudilia, na pesa akalipa tena.

Mutasema asistanti alikosea kuadhibu mtu moja. Sawa, alikosea. Lakini yeye aliuliza tu, jibu tulilitoa sisi. Ingetosha kusema: «Ni kazi yetu wote, hatukuisoma, utupe siku mbili tuisahihishe.» Labda wote tungeanguka. Kosa lenyewe lilikuwa mustari moja wa kuongeza. Kile kidole tulichonyoosha, hakuna mustari wa kukisahihisha.

Halafu sisi njo tunaandika kwa mabango kwamba wakubwa wanasukumiana makosa, barabara ikiharibika kila moja anasema «si mimi». Walijifunzia wapi, munafikiri?

Kwa hiyo wewe uko na TP wiki hii, soma yote kabla ya kuweka jina. Mukiona kosa kisha kazi imeshatolewa, musingoje lionekane. Muende kwa mwalimu wote pamoja, si kumtuma yule aliyepiga mashini. Na yule ambaye hakufika hata mara moja, musimuandike, hata akitoa franga zote za kopi.

Dada yule nilimuomba msamaha mwaka jana, kwa telefone. Akaniuliza tu: «Na wale wengine?»