Kinachokwamisha Mapatano

Wapo wanaodhani kwamba watu wakishindwa kupatana, sababu ni tamaa ya kile kinachogombewa. Mara nyingi sivyo. Mwishoni mwa mwaka 1968 wajumbe wa vita vya Vietnam walikuwa Paris, na kwa wiki nyingi walibishania umbo la meza. Ulimwengu uliwacheka. Lakini serikali ya Vietnam ya Kusini ilijua kwamba kuwapa wapiganaji wa ukombozi kiti chao wenyewe ni kukiri kuwa wao ni upande kamili. Meza ya mviringo ilikubaliwa Januari 1969.

Sisi wa Afrika Mashariki tusicheke. Jumuiya yetu ilipovunjika mwaka 1977, iliacha reli, meli, ndege na posta zisizo na mwenyewe anayekubaliwa na wote. Mkataba wa kugawana, chini ya usuluhishi wa Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei, 1984. Miaka saba! Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hesabu ambayo mwalimu yeyote huimaliza ubaoni kabla kengele haijalia. Kazi ilikuwa katika maswali yaliyoitangulia: mali ithaminiwe vipi, na kilichomo ndani ya nchi moja ni cha nani? Hatimaye ilikubaliwa kila nchi ibaki na kilicho kwake, na Uganda, iliyopungukiwa, ifidiwe. Marais walipoafikiana juu ya mafungu hayo Novemba 1983, mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa tangu Februari 1977, nao ulifunguliwa.

Wazee wa mabaraza ya usuluhishi wanalijua jambo hili bila kwenda Paris. Ndugu wanagombea mikorosho ya marehemu baba yao. Ukiwasikiliza sana, utagundua kwamba mmoja hakuitwa kwenye kikao cha arobaini. Mpe miti yote, bado atanung'unika. Na sisi maofisini, tunapomrudisha mwananchi kwa kuwa fomu yake ina kasoro, tumemwuliza alichokuja kulalamikia?

Waliogawana mali mwaka 1984 waliandika katika mkataba ule ule kwamba watatafuta njia za kushirikiana tena. Jumuiya mpya ilipatikana kwa mkataba wa Novemba 1999, uliotiwa saini Arusha vilevile.