Mkuu wa idara ya lishe apimwe kwa sahani ya mtoto, si kwa diploma zake

Mdogo wangu wa kike alisoma lishe kwa miaka mitatu. Siku aliporudi nyumbani na matokeo yake ya mwisho, mama alifurahi sana, akapika uji wa masoso, ule unga wa soja, mahindi na mtama ambao karibu kila mama wa Kivu anaufahamu. Ni unga huohuo ambao mdogo wangu aliuandikia TFC yake. Mama akamwekea kikombe mbele, akamuuliza: «Sasa, mtoto yangu, hii unga yangu iko na nguvu kiasi gani? Niongeze soja ao niache hivi?»

Mdogo wangu akanyamaza. Kisha akasema: «Mama, sijue.»

«Miaka tatu yote ulisoma nini basi?»

Sisi wote nyumbani tulicheka. Lakini usiku niliomba ile TFC nikaisoma, na kicheko kikaisha. Ndani kulikuwa jedwali zuri lenye namba za protini, mafuta na chuma. Nilipouliza nani alipima, mdogo wangu alinieleza ukweli: hakuna aliyepima. Namba alizitoa katika kitabu cha Kifaransa, juu ya unga wa nchi nyingine. Labo ya idara yao ilikuwa imefungwa, ufunguo ulikuwa kwa asistanti mmoja aliyesafiri, na mashine ya kupima protini ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu siku umeme uliporudi kwa nguvu na kuiunguza. Hata hivyo, kila mwaka wanafunzi walilipa pesa za labo pamoja na minerval.

Chuo hicho sitakitaja. Najua kwamba wasomaji wengi watadhani nasema juu ya chao, na hapo ndipo tatizo lilipo. Ninachotaka kusema leo ni juu ya mtu mmoja ambaye hatumwangalii sana: mkuu wa idara ya sayansi ya chakula na lishe. Rekta tunamjua, wizara tunailalamikia, wafadhili tunawaomba. Lakini yule anayeshika ufunguo wa labo, anayepanga vipindi vya masomo, anayekubali au kukataa kichwa cha memuari, ni yeye. Akifanya kazi yake vizuri, mama anapata jibu. Akiifanya vibaya, mama anapata karatasi yenye muhuri tu.

Mtu atauliza: kwa nini idara hii, na si idara ya sheria au ya uchumi? Jibu liko katika vijiji vyetu. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, juu ya kukosa chakula bora kwa muda mrefu. Kivu zote mbili zilipita nusu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017-2018 ulipata 42 kwa 100 nchini kote. Miaka minne ilipita, na tulishuka namba moja. Na hapa si jangwani. Tuko na udongo mweusi, maziwa ya Masisi, sambaza za ziwa Kivu, maharagi ya kila rangi, sombe mlangoni. Chakula kiko, lakini mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, na bibi anasema: ni bwaki.

Bwaki si neno jipya kwetu. Tangu wakati wa Wabelgiji, watafiti wa Lwiro, katika wilaya ya Kabare, walikuwa wanaichunguza, na hospitali ya watoto ya huko imewatibu wengi. Miaka ya karibuni, watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji waliwatafuta watu wazima waliotibiwa Lwiro wakiwa watoto, kati ya mwaka 1988 na 2007. Waliwalinganisha na jirani zao wa umri uleule ambao hawakuugua. Waliotibiwa walikuwa wafupi zaidi, walikuwa wamesoma miaka michache zaidi, na katika majaribio ya akili walikuwa nyuma. Maana yake, mtoto anapona bwaki, anarudi nyumbani, na miaka 20 baadaye bado anailipa. Kazi ya kweli ni kuzuia, na kuzuia ni kazi ya watu wa chakula na lishe.

Sasa, idara ya namna hii ni ngumu kuongoza kuliko nyingine, na lazima tuwe wa haki kwa wanaoiongoza. Ndani yake kuna elimu mbili. Ya kwanza inashughulika na chakula kabla hakijafika mdomoni: kukausha, kuloweka, kusaga, kuweka stoki, kuzuia ukungu. Ya pili inashughulika na kile chakula kinachofanya kikiisha kuingia mwilini: mtoto, mwenye mimba, mgonjwa. Katika vyuo vingi vyetu, elimu ya kwanza iko kwa wanakilimo, na ya pili iko kwa waganga. Kila moja ina mkuu wake, ofisi yake na kiburi chake. Wanaweza kukaa chuo kimoja miaka kumi bila kuandika hata ukurasa mmoja pamoja.

Ubaya wa kutengana huko unaonekana katika ugonjwa wa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hatapona tena. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Uliandikwa na daktari wa kizungu huko Kwango mwaka 1938, lakini hata kwetu Kivu Kusini umeonekana, huko Burhinyi katika wilaya ya Mwenga. Chanzo ni mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, ikiliwa na watu ambao karibu hawapati protini. Vita ikikimbiza watu, au njaa ikibana, mama anaacha kungojea siku tatu za kuloweka, anatoa mihogo siku ya kwanza. Mwanakilimo peke yake ataona mihogo. Mganga peke yake ataona miguu. Mama anahitaji mtu anayeona vyote viwili.

Na dawa ya jambo hili iko, haihitaji hata umeme. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alionyesha kwamba ukichanganya unga wa mihogo na maji, ukautandaza mwembamba na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini, sehemu kubwa ya sumu inatoka hewani. Kisha unapika bugali siku ileile. Wakongomani wa programu ya taifa ya lishe, PRONANUT, walifundisha njia hiyo kwa mama wa vijiji vya Popokabaka, huko Kwango, na wakati wa kazi hiyo wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana. Ninauliza: katika vyuo vyetu vya mashariki, ni wanafunzi wangapi wa lishe wamewahi kutandaza unga huo kwa mikono yao, mbele ya mama wa kijiji?

Nitasema basi ninachokiomba kwa mkuu wa idara, na kwa wale wanaomteua.

Kwanza, labo ifunguliwe, hata ikiwa maskini. Tunadanganyana tunaposema kwamba bila mashine ya dola elfu makumi hakuna kitu. Kuna vipimo vya karatasi vinavyoonyesha sumu ya mihogo: karatasi ya manjano inakuwa kahawia kadiri sumu inavyozidi, na jicho tu linatosha kusoma. Mizani nzuri, kipima joto, jiko, ndoo na jua ni labo tayari. Soja isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri inauzuia mwili kutumia protini yake. Mwanafunzi hawezi kulijua hilo kwa kulinakili. Anatakiwa akaange, aonje, aunguze, arudilie.

Pili, pesa za labo ziandikwe ukutani. Zimeingia ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi. Karatasi moja kila mwisho wa muhula inatosha. Mkuu anayefanya hivyo atapata maadui wachache ndani ya ofisi, lakini wanafunzi watamfuata hata kwenye matope.

Tatu, masomo yatoke nje. Wanafunzi waende kwa wenye mashine za kusaga, kwa wauza karanga, kwa mama wanaoanika sambaza. Ukungu unaoingia katika karanga na mahindi unaweza kuleta sumu inayoharibu ini, na mara nyingi mlaji haisikii kwa harufu wala kwa ladha. Soko ndiyo hospitali ya kwanza. Na mama wa soko waalikwe chuoni, si kama watu wa kuhurumiwa, bali kama wenye ujuzi. Mama yangu hakusoma kemia, lakini anajua soja gani inaharibu uji.

Nne, kila memuari iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, au wa Kimashi, Kinande, Kirega, kufuatana na mahali kazi ilipofanywa. Ukurasa mmoja tu: tulitafuta nini, tulipata nini, mama afanye nini. Ukurasa huo upelekwe kwenye kituo cha afya na kwenye redio ya mahali. Sisi waandishi wa habari tutausoma. Hatujakataa kamwe habari iliyo wazi. Lakini TFC zinakaa ndani ya makartoni, panya wanazila, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaandika kichwa kilekile.

Tano, kuteua kwenyewe kubadilike. Leo tunaangalia daraja: profesa mbele, kisha shefu wa travo, kisha asistanti. Daraja lina heshima yake, siwezi kulikana. Lakini mtu anaweza kuwa mtafiti mkubwa na asijue kuongoza watu. Kabla ya kumpa idara, aulizwe mambo matatu: utawaunganisha vipi wanakilimo na waganga? Utaifungua labo lini? Baada ya miaka mitatu, ni kitu gani kitakuwa kimebadilika katika sahani ya mtoto wa hapa? Asiyekuwa na jibu abaki na utafiti wake, na tutamheshimu hapo.

Najua kuna watakaonijibu kwa hasira, na sababu wanazo. Wataniambia: ndugu mwandishi, unaishi wapi? Goma ilishikwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mabenki yalifungwa, ndege ziliacha kutua, mwalimu anatafuta mshahara wake kwa njia za kuzunguka, na wewe unadai karatasi ukutani? Ni kweli. Mimi mwenyewe nimemwona mwalimu wa chuo kikuu akiuza vitabu vyake kando ya barabara, na sikuwa na neno la kumwambia. Hakuna haki ya kumwomba mtu mwenye njaa aendeshe idara ya lishe kana kwamba tuko Ulaya.

Lakini tuangalie niliyoyaomba. Karatasi ukutani haina bei. Ukurasa wa Kiswahili hauna bei. Kwenda sokoni kwa miguu hakuna bei. Na ufunguo wa labo kuachwa kwa mlinzi mtu akisafiri, huo pia hauna bei. Vita imetunyang'anya mengi, lakini haikuufunga mlango ule. Labo ya mdogo wangu ilikuwa imefungwa tayari kabla mji haujaanguka. Tena, ni wakati wa vita ndipo mama anafupisha siku za kuloweka mihogo, ndipo karanga zinakaa muda mrefu katika stoki yenye unyevu, ndipo mtoto anapoachishwa ziwa mapema kwa sababu mama yake amekimbia. Kama idara hii haina kazi leo, basi haitakuwa na kazi siku yoyote.

Na tukumbuke sambaza. Leo tunadhani zilikuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Hapana. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu watu wa sayansi waliona kwamba katikati ya ziwa kulikuwa chakula cha samaki bila samaki wa kukila. Leo mtoto wa Bukavu, wa Goma, wa Idjwi anakula matunda ya wazo hilo bila kujua. Sayansi ya chakula inaweza kufika kwenye sahani. Inataka mtu wa kuisindikiza mpaka pale.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi ya kujitolea katika kituo kimoja cha afya, anapima watoto kwa utepe wa mkono. Akiona rangi nyekundu, anaandika, anawatuma hospitalini. Jioni anarudi, na siku nyingine ninamkuta jikoni na mama, wanakaanga soja, wanapima kwa kopo, wanaandika katika kaye. Anafanya leo, peke yake, kazi ambayo idara yake ilipaswa kumfundisha wakati alipoilipia. Swali la mama bado halijajibiwa, lakini sasa angalau kuna anayelitafutia jibu.