Rangi Juu ya Jiwe la Tabaka

Katika nchi za baridi watu hupaka rangi kali machuma makuukuu ya kupashia nyumba joto, chumba kikapendeza. Chuma hakidhuriki. Kwetu yapakwayo ni mawe.

Mezani kwangu ipo sahani ya jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, nyekundu kama pilipili. Jiwe hilo ni fahari ya Wagusii, wa Kisii na wa Nyamira, na limefika Ulaya na Marekani. Wanunuzi wapenda rangi. Mchongaji mwenye watoto simlaumu. Tena fundi stadi hupaka, kisha huikwangua rangi kwa ncha ya chuma, weupe wa jiwe ukatokea kuwa ua au twiga. Hapo rangi yalitumikia jiwe.

Taabu ni rangi inayofunika yote. Mishipa ya waridi na kijivu yapotea, na mnunuzi hawezi kupambanua jiwe zuri na lenye ufa. Apunjikaye ni mchongaji hodari, maana ustadi wake hauonekani.

Chuoni tulifunzwa kuwa muuzaji asifiche aibu ya bidhaa. Basi tununuapo, tuigeuze sahani, tulitazame jiwe.