Mtambo wa Mifereji: Tuukodi, Lakini Tuuongoze Sisi

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba chama kichange fedha kwa kila mwanachama ili kinunue mtambo wa kuchimba na kuzibua mifereji, yaani ule wenye mkono mrefu na kijiko kikubwa mbele, ambao mafundi huuita ekskaveta. Makofi yalikuwa mengi. Mimi sikupiga makofi wala sikupinga. Nilinyamaza kwa kuwa maneno niliyokuwa nayo yalizidi dakika nilizopewa. Leo naomba nafasi katika gazeti letu niyaseme.

Huenda mtu akauliza: sisi ni watu wa karafuu, mifereji ya nini? Jibu lake kila mmoja wetu analijua. Mkarafuu haupendi kusimama majini. Mizizi yake ikikaa katika tope huoza, na mti hufa ungali na majani. Maji yanayoteremka kutoka vilimani kwenye mikarafuu hukusanyika bondeni, na huko bondeni wengi wetu tuna vipande vya mpunga. Mwaka ambao karafuu hazikuzaa, bonde ndilo linalotulisha. Kwa hiyo mtaro ukiziba, tunapigwa juu na chini.

Mimi naijua habari hii kwa hasara. Kipande changu cha mpunga kiko mwisho wa bonde, karibu na mikoko. Miaka michache iliyopita wenzangu wenye vipande vya juu walichoka na maji yaliyotuama, wakakodi mtambo. Hakuna aliyepima chochote. Dereva, kijana hodari kabisa, aliambiwa achimbe mpaka maji yaondoke, naye akachimba mpaka mdomo wa mtaro, chini kuliko kimo cha maji makuu ya bahari. Siku za mwanzo maji ya mvua yalitoka vizuri, tukafurahi. Ilipokuja bamvua, maji ya chumvi yakapanda kwa njia ile ile tuliyoyafungulia. Misimu miwili kipande changu hakikutoa hata pishi moja. Simlaumu dereva, na mtambo ulifanya kazi uliyotumwa. Waliokosa ni sisi wenye bonde, nikiwamo mimi, tulioagiza kazi bila ya kuipima.

Jambo hili lilikuwa bado moyoni mwangu nilipokwenda Mpanda kumtazama mpwa wangu anayefanya kazi huko. Mpanda ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Nilifika kwa gari moshi kutoka Tabora, kwa tawi la reli linaloanzia Kaliua, refu la kilomita 210 hivi, ambalo Waingereza walilijenga ili kuchukua madini ya risasi. Siku hizi mtu akitazama dirishani haoni habari za risasi. Anaona mpunga, mahindi na ng'ombe. Katika kata za Kakese na Mwamkulu, karibu na mji, mpunga hulimwa katika majaruba, yaani vipande vilivyozungushiwa matuta ya udongo ili maji yasimame ndani. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Udongo wa mbuga zao ni mweusi. Wakati wa mvua hunata kama ulimbo, na wakati wa jua hupasuka nyufa. Kwa watu kama hao mfereji ni mshipa wa damu, na hamu yao ya mtambo ni kama yetu.

Niliyoyasikia na kuyaona huko yalinifanya nichukue kalamu na kufanya hesabu, nami nawaomba muifuate.

Chukueni mfereji mpya wa meta 1000, wenye kina cha meta 1, upana wa juu meta 1 na nusu, na upana wa chini nusu meta. Udongo wa kutolewa ni meta 1000 za ujazo. Mtu mwenye jembe na sepetu, akifanya kazi ya siku nzima bila ya kujiua, hutoa meta 2 au 3 za ujazo. Basi kazi hiyo inataka siku 400 za mtu mmoja, au watu 40 kwa siku 10. Mtambo wa wastani hutoa kama meta 50 za ujazo kwa saa udongo ukiwa laini, na kwa hiyo humaliza kwa saa 20, yaani siku 3 hivi, ukila dizeli lita 15 au zaidi kila saa. Hapa hapana ubishi. Kuchimba mfereji mpya, au kufufua uliokufa kabisa, ni kazi ya mtambo. Anayesema tuichimbe kwa jembe kama babu zetu, na aje yeye wa kwanza na jembe lake.

Lakini kusafisha si kuchimba. Mfereji ule ule ukijaa mchanga na majani kimo cha sentimeta 20, takataka zote kwa meta 1000 ni kama meta 120 za ujazo tu. Hiyo ni kazi ya watu 24 kwa siku 2. Kwa kazi kama hiyo kuuleta mtambo juu ya lori, kulipa dereva na dizeli, ni kumwita seremala aje kufunga mlango.

Tena kuna madhara. Kijiko cha kawaida cha mtambo kina upana wa meta 1 au zaidi, na sakafu ya mfereji wetu ni nusu meta. Kila mtambo unapopita, mfereji unapanuka. Mfereji ukipanuka, maji yale yale huenda polepole, na maji yakienda polepole hutua mchanga wake. Kwa hivyo mfereji uliosafishwa ovyo kwa mtambo huziba upesi kuliko uliosafishwa kwa jembe. Na udongo ukirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza huurudisha ndani, nasi tunalipa mara ya pili kuutoa udongo ule ule.

Hayo ni ya mfereji. Lililo kubwa zaidi ni la maji yenyewe, na hapo ndipo Katavi inapotufundisha.

Mto Katuma huteremka kutoka milima ya upande wa Mpanda, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Humo hulisha mbuga za maji za Katavi na Chada, kisha maji huendelea kwa Mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa. Kwa miaka mingi wakulima wa juu wamekuwa wakiziba mto kwa miti, udongo na magunia ya mchanga, ili wageuze maji yaende kwenye mpunga. Huitwa mabanio. Kila aliyejenga banio alikuwa na njaa ya kweli na watoto wa kweli. Lakini wataalamu waliouchunguza mto ule wameandika kwamba katika miongo ya karibuni ukavu wa kiangazi umezidi, na miongoni mwa sababu wameyataja mabanio hayo. Kiangazi kinapokolea, viboko kwa mamia hubanana katika vidimbwi vya tope hifadhini, kama pale Ikuu, mmoja amempanda mwenzake. Na si viboko peke yao. Wako watu na ng'ombe wa chini wanaoungoja mto ule ule.

Angalieni basi: mabanio yale yalijengwa kwa mikono. Ikiwa mikono mitupu iliweza kuupunguza mto, mtambo wenye nguvu ya watu mia utafanya nini ukitumwa na mtu mmoja asiyemwuliza jirani yake? Ndiyo sababu huko Bara ziko sheria. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inamtaka mtu apate kibali kabla ya kugeuza maji ya mto, na Mto Katuma uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya meta 60 za ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya umwagiliaji ya mwaka 2013 ilianzisha Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na wakulima wa skimu wanatakiwa kuwa na chama chao cha kusimamia mifereji. Sisemi kwamba sheria zimemaliza magomvi. Nasema wenzetu wamekwisha jua, kwa gharama kubwa, kwamba swali la kwanza si nani ana mtambo. Swali la kwanza ni nani yuko chini.

Na juu ya kununua, nilipokuwa nikirudi kwa reli ile tulipita Urambo, nikakumbuka habari ambayo wazee hawajaisahau. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliletwa kwa meli, mengine yamekwisha chakaa vitani. Mizizi ya Kongwa iliyavunja, ardhi ya kiangazi ikawa ngumu kama saruji, vipuri vikawa haba. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wale walikuwa na hazina ya dola nzima nyuma yao. Sisi tuna michango yetu ya karafuu. Mtambo wetu ungefanya kazi majuma machache kwa mwaka, na siku nyingine zote ungekaa chini ya mwembe ukiliwa na hewa ya chumvi, huku tukimlipa mlinzi aulinde.

Najua jawabu la upande wa pili, nalo lina haki. Vijana wamekwenda mjini. Waliobaki bondeni wengi ni wazee na wajane, na kumwambia mama wa miaka sitini aingie mtaroni na sepetu ni ukatili. Kwao mtambo ni rehema. Nakubali. Lakini mama huyo huyo ndiye mwenye kipande cha mwisho, na chumvi ikipanda ataumia wa kwanza. Rehema isiyopimwa humrudia kwa mlango wa nyuma.

Basi shauri langu ni hili.

Kwanza, tusinunue mtambo. Tuukodi kwa kuchimba mifereji mikuu iliyokufa, mara moja kwa miaka kadhaa, na bonde zima lichange pamoja.

Pili, kabla ya mtambo kushuka kwenye lori, ufanywe mkutano wa bonde, na mwenye kipande cha mwisho aseme kabla ya wote.

Tatu, tupime. Mpira mwembamba unaopenya nuru, ukijazwa maji, huonyesha usawa wa mahali pawili bila ya kosa, na bei yake si kitu. Mfereji wa udongo ushuke sentimeta 10 hadi 20 kwa kila meta 100, na mambo zipigwe njia nzima ili dereva azifuate.

Nne, mdomo wa mtaro ulioko pwani usichimbwe kabisa chini ya kimo cha bamvua, ila pawe na mlango wa maji unaofunguka kwa kutoa tu na kujifunga bahari ikipanda.

Tano, dereva aagizwe aje na kijiko chembamba kwa kuchimbia. Na ikibidi kusafisha mfereji mkuu ulio mpana kwa mtambo, atumie kijiko kipana kisicho na meno. Udongo uwekwe mbali na ukingo, utandazwe, na ukoka upandwe.

Sita, mifereji midogo tuisafishe wenyewe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kila mtu apimiwe sehemu kwa kadiri ya kipande chake. Asiyeweza kwa uzee au maradhi asamehewe. Aliye mjini alipe, na fedha yake wapewe vijana waliobaki, ili nao waone kwamba bonde lina ujira.

Mkutano ujao shauri la kununua litapigiwa kura. Nawaomba kila mmoja, kabla ya kuinua mkono, ateremke bondeni siku moja maji yakijaa, aufuate mtaro wake kwa miguu mpaka unapoishia, na amtazame usoni mtu anayemkuta huko. Akisha rudi, na apige kura apendavyo.

Wenu,
Mkulima wa Mwisho wa Bonde